Chumba cha Mizani

SEHEMU YA KWANZA

Mgeni akishavua viatu na kupandishwa ghorofani, la kwanza kuuliza ni kwa nini vyumba vya nyumba ile ni vyembamba. Virefu ndiyo, unaweza kulaza ukoo mzima kwa mstari, lakini upana ni wa kitanda na njia ya kupita basi. Time ana jibu lake tayari. Huinua kidole darini, zilikolala boriti za mikoko bega kwa bega, nyeusi tii. Boriti ya mkoko ikirefuka sana huanza kupinda, kwa hiyo fundi wa zamani hakupima chumba, alipima mti. Wageni hucheka, hupiga picha ya dari, na wengi husahau kuuliza habari ya maji ya moto.

Nyumba iko Mtambwe, juu ya kilima kinachotazama hori, ng'ambo ya bandari ya Wete. Karibu na hapo, Mtambwe Mkuu, wataalamu wa mambo ya kale walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mwaka 1984, na tangu hapo hapana mzee wa Mtambwe awezaye kuchimba shimo la choo bila watu kumkusanyikia. Lakini utajiri ulioijenga nyumba hii haukutoka ardhini, ulitoka mtini. Tufani ya 1872 iliilaza chini mikarafuu ya Unguja, ya Pemba mingi ikabaki imesimama. Wenye mashamba wa huku wakaota mabawa, na mmoja wao, Mwarabu wa Mtambwe, akainua kuta hizi za mawe na chokaa zenye unene wa dhiraa nzima. Waliobeba mawe hawakulipwa. Hilo haliko kwenye kipeperushi.

Vyumba ni sita, na majina yake kayatoa Time mwenyewe. Karafuu ndicho kinachotazama bahari, bei yake juu kuliko vyote. Makonyo kiko nyuma yake, cha msafiri wa peke yake. Jamvi kina vitanda viwili. Sakafu kiko chini na kinafungukia uwanja wa saruji ambao zamani ziliwekwa karafuu kukauka, na siku hizi huwekwa chai, maandazi na mkate wa kumimina. Mpeta ni kile kidogo karibu na jiko. Hilo si jina la Time, ni la Babu Faki. Time alimpinga: mpeta ni karafuu iliyozeekea mtini, haina bei, nani atalipa pesa alale humo? Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka katika macho yasiyoona. "Liache," alisema. Likaachwa.

Cha sita ni Mizani, mwisho wa ukumbi, alikokuwa akikaa karani. Chini yake ndipo lilipo ghala, mlango wa msaji, kufuli la ukubwa wa kiganja, ufunguo hakuna. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 shamba lilichukuliwa na Serikali, mikarafuu ikagawiwa eka tatu tatu, nyumba ikawa kituo cha kununulia karafuu, kisha skuli, kisha makazi ya popo. Ami yake Time, Massoud, ndiye aliyeikodi Serikalini. Alikuwa ameona jumba la zamani la misheni ya Quaker, Chake Chake, lilivyogeuzwa nyumba ya wageni wapiga mbizi, akajua kuwa mzungu hulipa zaidi kulala ndani ya ukuta wenye nyufa. Alimkabidhi Time vyumba, akarudi zake Wete. Ghala halikuguswa. "Ufunguo ulipotea zamani," Babu Faki alimwambia mjukuu wake. "Una vyumba sita havijai. Cha saba umlaze nani?"

Basi ilikuwa Novemba, karafuu za vuli ziko mtini, na kisiwa kizima kiko juu ya ngazi. Watalii hawaji kipindi hicho, mvua huwakimbiza. Time alikuwa anaanua shuka aliposikia gari ikizima chini ya mwembe.

"Hodi!"

"Karibu!"

Mwanamke mzima, buibui jeusi la kitambaa kizuri, bakora mkononi. Dereva aliyemtoa boti ya Mkoani alisimama nyuma yake na begi moja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nataka chumba."

"Vyote viko wazi. Nikuoneshe cha baharini?"

"Bahari nimeiona njiani. Nataka cha mwisho wa ukumbi, cha mizani."

Time alimtazama. Majina ya vyumba yameandikwa milangoni ghorofani, na bibi huyu hajapanda ngazi. Alipopanda, Time alimfuata nyuma na begi, macho kwenye miguu yake. Ngazi ya tano ya nyumba ile ni fupi kuliko nyenzake na kila mgeni hujikwaa hapo, hata wanaoonywa. Bibi alipunguza hatua, akapita, akaendelea na mazungumzo yake kuhusu joto la Maskati.

Kwenye kitabu cha wageni aliandika Raya, akasita, ndipo akaendelea na jina la baba. Pasipoti ilikuwa ya Oman, mahali pa kuzaliwa Pemba. Time hakuona ajabu. Maskati kumejaa watu wanaoota kwa Kiswahili, na kila mwaka wawili watatu hurudi kutazama paa la mzazi, hulia kidogo, hununua halua ya Wete, huondoka.

Usiku ule mbalamwezi ilikuwa kali, maji yamejaa bamvua, hori limepanda hadi mizizi ya mikandaa. Saa nane Time aliamshwa na kishindo. Kitu kizito kilikuwa kinaburutwa ghorofani. Alijitupia kanga, akapanda, akasukuma mlango wa Mizani.

Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi ukutani. Jamvi limekunjwa. Bibi amepiga magoti katikati ya chumba na amezima taa.

"Bi Mkubwa, umeanguka?"

"Shh. Njoo." Alimshika Time mkono, akamgusisha sakafuni kipande cha ubao wa mraba ambacho Time, miaka yote ya kudeki chumba hiki, alikidhani kiraka. "Hapa ndipo mnyororo wa mizani ulipopita. Karani anakaa juu na mshale wake, mzigo unaning'inia chini. Mchumaji alikuwa anauona mzigo. Mshale hauoni."

Akatia kucha pembeni mwa ubao, akauinua.

Mwanga ulipanda kutoka tunduni, wa manjano, ukapiga boriti za dari. Harufu ya karafuu ikawavaa usoni. Na chini yao, ndani ya ghala ambalo ufunguo wake ulipotea kabla Time hajazaliwa, mtu alikuwa anahesabu.

"Thelathini na saba. Thelathini na nane..."

Time aliziba mdomo kwa kanga. Sauti ile anaijua. Jioni ile ile alikuwa ameilisha uji.

*

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Bibi kutoka Maskati amefunua tundu katika sakafu ya chumba cha Mizani. Chini, ndani ya ghala lisilo na ufunguo, pana mwanga, na sauti ya kuhesabu ambayo Time anaijua.

SASA ENDELEA...

Alijilaza kifudifudi, akaweka jicho tunduni.

Kandili lilikuwa limetundikwa msumarini. Vijana wawili, miguu chini, vifua wazi, walikuwa wanashusha magunia mabegani na kuyapanga ukutani. Katikati yao, juu ya kigoda, Babu Faki. Kila gunia kabla ya kushonwa lilisogezwa mbele yake. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa karafuu kutoka kitovuni mwa gunia, akaivunja karibu na sikio. Iliyokauka hulia. Iliyo mbichi hupinda tu, kimya. Wenye macho huweza kudanganywa na rangi, lakini kipofu hadanganyiki.

"Hili limelazwa na umande," alisema. "Rudisheni kwa mwenyewe. Kamwambieni Faki si mtoto."

Nyuma ya ghala, mahali ambapo Time aliambiwa pana ukuta, palikuwa na mlango mdogo wazi, na kupitia mlango ule maji ya hori yanametameta.

Ndipo mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Miezi hii kila mgeni aliyelala Mizani siku za bamvua alimsifu kwa marashi ya chumba. Mmoja aliandika kitabuni kuwa alilala kama ndani ya kikonyo. Time alidhani ni sabuni yake mpya, hata akaagiza katoni nzima.

Msomaji, kama wewe si wa visiwani huenda ukauliza, karafuu ni mali ya mkulima, anaficha nini? Hapo ndipo penye mwiba. Karafuu ya Zanzibar hununuliwa na mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa, na kuivusha kwenda Kenya ni magendo. Lile jeshi la baharini la visiwani lenye boti za rangi ya majivu, KMKM, jina lake kamili ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, na magendo yaliyokusudiwa tangu mwanzo hayakuwa ya vitenge tu. Mtu akikutwa na gunia moja usiku kando ya maji ana maelezo ya kutoa. Babu Faki alikuwa na thelathini na nane.

Time hakulala. Alfajiri baada ya sala alimkuta mzee kwenye kiti chake cha ukindu, pale uwanjani, kikombe cha chai ya mdalasini mkononi.

"Babu, jana ulilala saa ngapi?"

"Wauliza kwa sababu wajua."

"Nimekuona."

"Afadhali. Mie n'mechoka kujificha na mtu anipikiaye." Alikunywa funda. "Kaa. Ami yako kapata mwekezaji. Jumatatu sheha anaitwa ashuhudie, mkataba wahamishwa. Mwekezaji hataki vyumba hivi. Ataka kubomoa kuta za kati, apate vyumba vipana, boriti atie za chuma."

"Ami hajanambia."

"Atakwambia ukishapakia vyombo. Nilimwita, nikamwambia, Massoud, akupacho mgeni ntakupa mie. Akacheka. Akasema, Baba, ukileta kabla ya Jumatatu, nyumba n'yako. Basi n'naleta."

"Kwa magendo?"

"Kwa karafuu!" Mzee aliupiga mkono wa kiti. "Eka tatu kapewa baba yangu, nimezipalilia mie tangu n'na macho. Hizo nyengine za majirani, wameniamini."

"Si ungeuza Shirika, Babu? Bei yao si mbaya."

"Shirika lanunua karafuu kavu, mkononi, na risiti. Mie nilitaka pesa zikiwa bado zi kijani mtini. Mnunuzi wa ng'ambo katoa nusu tangu Septemba. Boti yake yaja usiku wa leo, maji yakijaa, na nusu iliyobaki."

"Nani kakutafutia mnunuzi huyo?"

Babu Faki hakujibu. Aligeuza uso upande wa mlango, kama afanyavyo anaposikia hatua asizozijua. Bakora ilikuwa inagonga saruji, pole pole. Bibi wa Maskati alisimama mbele yake, akamtazama muda mrefu, kuanzia kofia hadi vidole vya miguu.

"Salaam alaykum, Faki."

Kikombe kilimtoka mzee mkononi. Chai ikamwagikia kikoi, wala hakushtuka.

"Nani huyu?"

"Ni mgeni, Babu, kaja jana kutoka Maskati. Bi Raya. Nadhani watu wake ndio waliokuwa..."

"Raya binti wa mwenye nyumba?"

"Ndiye," alisema bibi.

Babu Faki alisimama bila fimbo. Time hakuwa amemwona akisimama hivyo tangu mtoto wa jicho alipomfunga.

"Raya hakufika Maskati. Raya alikufa kwa homa katika chumba cha mwisho wa ukumbi, Januari ile ile ya Mapinduzi, na umri wake miaka tisa. Kaburi kalichimba nani? Mie, kwa mikono hii, usiku, chini ya mshelisheli, na mamake kasimama na kandili." Alinyoosha mkono gizani mwake, akielekeza kidole mahali sauti ilipotoka. "Time, muulize mtu huyu. Jina la maiti kalivaa kwa ruhusa ya nani?"

*

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Babu Faki anaficha karafuu za magendo ghalani ili aikomboe nyumba kabla ya Jumatatu. Boti ya mnunuzi inatarajiwa usiku. Sasa anasema mgeni aliyejiandikisha kwa jina la Raya hawezi kuwa Raya, kwa sababu Raya alimzika yeye.

SASA ENDELEA...

Bibi hakurudi nyuma. Alivuta kiti, akaketi, akaegemeza bakora yake pembeni.

"Kwa ruhusa ya mama yako, Mpeta," alisema.

Jogoo aliwika jikoni. Time aliwatazama wawili wale akasubiri mtu amweleze kichekesho kiko wapi, kwa sababu babu yake alikuwa amefungua mdomo kama anayetaka kucheka, na kicheko hakikutoka.

"Sema tena."

"Mpeta. Ulikuwa mvivu wa kupanda, wasubiri wenzio wamalize, ndipo waokota zilizopita wakati. Karani akakutoa mbele za watu. Mie ndiye niliyekuita hivyo wa kwanza, ukanitupia embe bichi."

"Bikombo alizama," alisema Babu Faki. "Mama kasema alizama horini, alikwenda chaza na maji yakamkuta."

"Mama angesema nini? Nahodha alikuwa kaambiwa abiria wawili, mama na mtoto. Bibi mwenye nyumba mtoto wake yuko kaburini, jua la pili. Alimwambia mama, nipe wako nimwokoe, huku sijui kutakuwaje. Usiku ule hapana aliyejua kutakuwaje. Wakanivisha nguo za Raya. Pasipoti ya kwanza niliyopata Oman ilikuwa na jina lake, na nimeolewa, nimezaa, nimezika mume kwa jina hilo."

Ningependa kuandika kwamba kaka na dada walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Babu Faki alikaa, akapapasa kikombe chake chini, akakipata, akakishika kitupu.

"Mama alikulilia kila bamvua," alisema mwishowe, kwa hasira. "Kila bamvua, mpaka kafa. Barua moja hukuweza?"

"Niliandika. Bibi alisema anapeleka posta." Alifungua mkoba wake. "Alipokuwa anakufa alinipa vitu viwili. Barua zangu zote, na hiki."

Kilikuwa ufunguo wa chuma, mrefu kama kalamu.

Alichokuja kukifuata, alieleza, hakikuwa nyumba wala machozi. Bibi yule alimwambia kuwa babu wa mumewe, mjenzi wa nyumba, alipohisi kifo alifanya kama walivyofanya wenye mashamba wengine wa visiwani: aliandika wakfu. Hakuwaandikia wanawe. Aliwaandikia watumwa aliowaacha huru na vizazi vyao, miaka michache kabla ya amri ya 1897 iliyoukomesha utumwa wenyewe. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haibomolewi kuta kwa raha ya mtu. Karatasi ilifichwa na wanawe, nao hawakuthubutu kuichoma, maana kuichoma wakfu ni kujichomea akhera. Iko ghalani, ndani ya kidaka kilichozibwa.

"Ikifika Kamisheni ya Wakfu," alisema Bikombo, "huyo mwekezaji na atafute nyumba nyengine."

"Hapana karatasi," alisema Babu Faki. "N'meingia ghala lile miaka mingi. Hapana karatasi."

Alisema upesi mno. Time aliona, akaliweka moyoni.

Siku nzima mzee hakutoka chumbani kwake. Jioni mvua ilinyesha na umeme ukakatika, kama kawaida yake ikinyesha. Tangu 2010 umeme wa Pemba waja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na bado nguzo moja ikilala njiani Mtambwe nzima iko gizani. Bikombo alikuwa ameshinda anatia mafuta ya nazi kwenye kufuli, tone kwa tone. Saa tatu usiku lilikubali.

Babu Faki alikuwa tayari ndani. Ameingia kwa nyuma, amekaa kwenye kigoda chake kati ya magunia, anasubiri boti.

"Mtafute basi," alisema, "muone mlivyo wajinga."

Kidaka walikipata ukuta wa kaskazini, nyuma ya safu ya pili ya magunia, kwa kugonga tu. Bikombo aliparuza chokaa kwa ncha ya ufunguo, kisha akasita.

"Mbona chokaa hii bado nyeupe?"

"Unyevu," alisema Time. Hata yeye hakuamini.

Ilibanduka kama ganda la yai. Ndani mlikuwa na mkebe, na ndani ya mkebe karatasi iliyokunjwa mara nne, nene, imegeuka rangi ya chai. Herufi za Kiarabu, wino umefifia lakini wasomeka. Time alimulika kwa simu. Bikombo alivaa miwani, akasoma kwa sauti, akifasiri kipande kwa kipande: nyumba na ghala na uwanja wa kuanikia, viwe wakfu kwa hawa niliowaacha huru kwa ajili ya Mungu, na wana wao, na wana wa wana wao, muda wa dunia kudumu. Kisha majina. La kwanza hawakulijua, wala la pili. La tatu lilikuwa la mama yake bibi yao.

Hapo mlango mkubwa wa msaji ukafungwa, na komeo la nje likasukumwa hadi mwisho. Time aliruka magunia kuuwahi mlango wa hori. Nao ulikuwa umekomewa kwa nje.

"Baba," sauti ilisema upande wa pili wa ubao, ya upole kabisa. "Shikamoo."

"Massoud?"

"Ndiye. Boti usiisubiri, Baba. Haikuwa ije. Nusu uliyopewa Septemba ni pesa yangu." Mvua ilipiga bati, akangoja ipungue. "Inayokuja ni ya KMKM. Nimeshawapigia, washatoka Wete. Wakifika kabla sijafungua watakukuta na magunia yako, na Time pamoja nawe, na huyo bibi wa pasipoti ya watu. Ipitisheni karatasi chini ya mlango. Nikiipata nafungua, mnapita, magunia nasema ya wezi. Hesabu ni hiyo tu."

"Unamfanyia hivi baba yako?" Time alipiga kelele.

"Time, mwanangu, muulize Babu yako amekufanyia nini wewe."

Mbali, upande wa mdomo wa hori, injini mbili zilisikika zikipunguza mwendo kuingia kwenye mikandaa.

Bikombo alikuwa ameikumbatia karatasi kifuani. "Simpi," alisema. "Nimekaa miaka sitini na jina la mtu. Hili langu simpi."

"Haya, usimpe bado. Nipe mie niipige picha," alinong'ona Time. "Simu ina chaji kidogo. Picha ikifika kwa mtu mmoja tu, basi yeye na aichukue karatasi."

Aliitandaza juu ya gunia. Akapiga upande wa maandishi, mara mbili, mkono ukitetemeka. Injini zilikuwa zimezimwa, sasa yalisikika maji yakipiga ubavu wa boti. Akaishika karatasi kwa pembe ili apige na upande wa nyuma.

"Usiigeuze, mjukuu wangu," alisema Babu Faki, kichwa kimeinama, ameusikia mkwaruzo wake.

Alikuwa keshaigeuza. Nyuma palikuwa na mistari minne ya kalamu ya buluu, hati ya mtu aliyesoma skuli, na chini yake alama ya dole gumba la mzee. Palitajwa mali mbili zilizowekwa rehani kwa mwekezaji. Ya kwanza ilikuwa wakfu hii. Ya pili ilikuwa jina lake yeye, Time, na mbele yake neno moja: mahari.

ITAENDELEA WIKI IJAYO